DVD za harusi na VCD za maulidi: zihamishe zikiwa bado zinasomeka

SWALI: Shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana. Kabatini kwa mama hapa Tanga tumekuta mfuko wa diski: DVD za harusi ya dada ya mwaka 2007, VCD za maulidi na hitima, filamu kadhaa za dukani, na kidiski kimoja kidogo kilichotoka kwenye kamera ya baba mwenyewe. Nilimpelekea fundi DVD mbili za harusi anihamishie kwenye flashi. Kila moja imerudi faili ya MB 200, watu wamebanwa wembamba, na mtu akicheza anatokwa na mistari mwilini. VCD mbili zinakataa kunakiliwa ingawa deki inazicheza. Kile kidiski, kompyuta inasema ni kitupu. Laptop yangu haina sehemu ya kuingizia diski. Dada yuko Muscat, naye anataka nakala. Nifanyeje? Na filamu za dukani inaruhusiwa kuzinakili?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu baba.

Nianze na kidiski, maana hicho kinaweza kupotea leo hii kwa kubofya mara moja tu. Kompyuta ikikutana na diski ambayo kamera haikuifunga, huiona tupu, na Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuiformati au kuitumia kama flashi. Kataa. Funga dirisha hilo, toa kidiski, kirudishe kwenye kasha lake na uandike juu kwamba kisiguswe. Kama baba ndiye aliyekuwa akishika kamera, sauti yake imo humo, na kwa maelezo yako hakuna nakala nyingine popote. Nitakieleza huko mbele. Kwa sasa kiwekwe tu mahali pa salama.

Tuje kwa fundi. Hakukuibia. Alikufanyia kazi ya haraka, faili nyepesi ya kuchezea kwenye simu. Tatizo ni kwamba watu wakishaiona picha kwenye simu hudhani kazi imekwisha, diski inatupwa, na kilichobaki ni kile kivuli. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na wapiga video wengi wa harusi waliijaza karibu yote. Hata ukikubali kwamba njia za leo za kubana video ni bora kuliko ile ya DVD, saa mbili za harusi haziingii kwenye MB 200 bila kutupa sura za watu waliokaa nyuma, urembo wa nguo, na sauti nzuri ya ngoma.

Wembamba wa watu una sababu yake. Picha ya DVD za kwetu, zilizofuata mfumo wa PAL, huhifadhiwa kwa nukta 720 kwa 576, iwe video ni ya umbo la televisheni za zamani au ya umbo pana. Ndani ya diski mna alama inayoiambia deki iitandaze picha kiasi gani. Video ya umbo pana inatakiwa kutandazwa hadi nukta 1024 upande wa upana. Programu ya fundi iliipuuza alama hiyo, ikaacha 720, na wageni wote wakawa wembamba. Kwa hiyo najua, hata bila kuiona, kwamba harusi ya dada ilipigwa kwa umbo pana.

Mistari nayo haikuletwa na uchakavu. Kamera za wakati ule zilipiga nusu-picha 50 kwa sekunde: moja ina mistari ya witiri, inayofuata ina mistari ya shufwa, zikipokezana. Televisheni za kioo kinene zilizichora kwa zamu hiyohiyo, jicho likaona mwendo laini. Kioo cha simu huonyesha picha nzima kwa mara moja, kwa hiyo programu iliziunganisha nusu mbili zilizopigwa kwa tofauti ya moja ya hamsini ya sekunde. Simamisha video hapo dada anapopunga mkono: ukuta uliotulia ni safi, lakini ukingo wa mkono umekatika kama meno ya kitana. Hilo hurekebishika kabisa ukiwa na picha ya asili. Likishabanwa ndani ya faili ya MB 200, halitoki vizuri tena.

Ndiyo maana msimamo wangu katika kazi hii haubadiliki: kwanza toa nakala kamili ya diski jinsi ilivyo, bila kubana chochote, na uihifadhi. Faili ya kutazama utaitengeneza baadaye kutoka kwenye nakala hiyo, na kama hukuipenda utatengeneza nyingine, hata mwakani. Nakala kamili haikulazimishi kurudi kwenye diski ambayo kila mwaka inazidi kuchoka.

Na zinachoka kweli. Geuza diski utazame upande usio na maandishi. Filamu ya dukani iliyotoka kiwandani kwa kawaida huwa ya rangi ya fedha tupu, kwa sababu data imegandamizwa ndani ya plastiki na kufunikwa kwa madini. DVD ya harusi ina zambarau, na VCD iliyochomwa mtaani ina kijani au samawati. Rangi hiyo ndiyo iliyoandikwa. Mashine ya kuchoma iliiunguza vidoa vidoa kwa mwale, na jua, joto na unyevu huendelea kuibadilisha hadi mwale wa kusomea ushindwe kutofautisha kidoa na pasipo na kidoa. Pwani yetu ina joto na unyevu vyote viwili. Diski ya 2007 inayosomeka bado ni ya kushukuru, na si ya kuiacha tena mwaka mwingine.

Vifaa ni vichache. Tafuta deki ya DVD ya nje ya kuchomeka kwa USB, ile nyembamba, yenye sinia linalotoka. Ikiwa inawaka na kuzimika au inakwaruza bila kusoma, mara nyingi umeme wa tundu hautoshi. Jaribu tundu jingine la kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyio. Kama kuna ndugu mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, deki yake huwa na nguvu zaidi na ina subira kwa diski mbovu. Kuwa na deki mbili tofauti ni faida kubwa, maana moja hushindwa pale nyingine inapopita.

Futa diski kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo, na mashine haiwezi kuifidia. Dawa ya meno iacheni bafuni, inakwangua. Kwa VCD uangalie zaidi upande wa juu wenye maandishi, kwani data iko palepale chini ya rangi, haina kinga ya plastiki. Inua diski mkabala na dirisha: ukiona mwanga unapenya kwa vitundu, madini yamebanduka na sehemu hiyo imekwenda. Data ya DVD iko katikati ya tabaka mbili za plastiki, kwa hiyo yenyewe huvumilia zaidi. Karatasi iliyogundishwa juu ya diski isibanduliwe.

Ukifungua DVD ya harusi utaona folda mbili, AUDIO_TS ambayo aghalabu ni tupu, usishtuke, na VIDEO_TS yenye faili za VOB. Kila VOB haizidi GB 1, kwa sababu ndivyo DVD inavyokata. Watu hunakili VOB moja moja, halafu wanashangaa shehe anakatika katikati ya khutba ya nikahi, na mpangilio wa sura unapotea. Chukua diski nzima kama faili moja ya ISO. Kwenye Windows programu ya ImgBurn hufanya hivyo bila malipo. Unaposakinisha soma kila ukurasa na ukatae vya ziada vinavyopendekezwa. Chagua kuunda faili kutoka kwenye diski, punguza kasi ya kusoma ikiwa diski ina mikwaruzo, uiache ifanye kazi. Diski nzima huchukua dakika kumi hadi ishirini hivi. Diski mbovu inaweza kula saa kadhaa, nawe usiikatize.

Kwa diski zinazogandaganda sana ninaamini programu ya ddrescue kuliko kitu kingine chochote. Inaendeshwa kwenye mfumo wa Linux, ambao unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, ikaruka mabovu, kisha ikarudi kuyang'ang'ania, na muda wote inaandika kwenye faili ya ramani ni wapi imepata na wapi bado. Amri ya kwanza ni hii (/dev/sr0 ni jina la deki ya diski kwenye Linux):

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi1.iso harusi1.map

Ikimaliza, ya pili ya kurudia palipokataa:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi1.iso harusi1.map

Palipobaki pakikataa bado, toa diski, iweke kwenye deki ya pili, uendeshe amri ileile kwa ramani ileile. Itaendelea ilipoishia, na mara nyingi deki ya pili huziba mapengo ya ya kwanza. Hilo ndilo lililookoa diski nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshakatiwa tamaa.

Tahadhari moja itakayokupunguzia usumbufu: flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, na huo haupokei faili moja inayofika GB 4. ISO ya harusi itakataa kuingia hata kama flashi ina nafasi ya GB 128, na kompyuta itakuambia faili ni kubwa mno. Iformati flashi hiyo kwa exFAT kabla ya kuweka chochote. Na usikosee ukaformati isiyo yake.

VCD zako mbili hazina uchawi. VCD ni teknolojia ya 1993, na ili video iingie kwenye diski ya muziki, waliotengeneza mfumo huo waliondoa kwenye sehemu za filamu ile kinga ya ziada ya kusahihisha makosa ambayo faili za kawaida za kompyuta huwa nayo. Deki ya sebuleni ikikutana na doa hutoa chenga sekunde moja ikasonga mbele. Kompyuta inayonakili faili ya AVSEQ01.DAT ikikutana na doa hilohilo husimama na kusema haiwezi. Kwa hiyo usinakili kwa kuburuta. Tumia programu ya IsoBuster, ifungue diski, uiambie itoe filamu kwa kuchuja fremu za MPEG, na palipo na kosa uiruhusu ijaze pengo iendelee. Utapata faili ya MPG ambayo programu ya VLC inaicheza moja kwa moja, kwa wastani wa MB 10 kwa dakika. Ihifadhi hivyohivyo. Picha ya VCD ni nukta 352 kwa 288 tu. Ukiibana tena utabaki na ukungu, na ukiikuza iwe ya HD hutapata sura ambayo haikurekodiwa.

Sasa kidiski cha baba. Hicho ni DVD ya sentimita 8, yenye nafasi ya GB 1.4, na kwa ubora wa kawaida hubeba nusu saa hivi. Usikitie kamwe kwenye deki isiyo na sinia, ile inayomeza diski, kitakwama. Kamera ya namna ile hurekodi vipande vipande, na mpaka mwenye nayo aiamuru ifunge diski, mashine nyingine haziwezi kuisoma. Je, kamera bado ipo? Itafuteni, na chaja yake, hata kama iko chini ya makabati. Kama inawaka, wengi watakuambia ubonyeze "Finalize" mara moja. Mimi ningefanya hilo mwisho. Kufunga diski ni kuandika juu yake, na kuandika kwa mwale uliozeeka kwenye rangi iliyozeeka kunaweza kwenda mrama. Kwanza kicheze ndani ya kamera, uiunganishe na kompyuta kwa waya wa AV kupitia kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, urekodi kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo umeshaishika sauti ya baba, hata kama picha si kamili. Pili, kiweke kwenye deki yenye sinia ukitazame kwa IsoBuster. Inaweza kuona vipande ambavyo Windows haivioni, na kuvitoa. Baada ya hapo ndipo ufunge, kamera ikiwa na betri na ikiwa imechomekwa kwenye umeme, katika siku ambayo TANESCO haina mgao. Kisha toa ISO kama zile nyingine.

Kama kamera haipo tena, IsoBuster ndiyo njia, na ikishindwa tafuta kamera ya toleo lilelile iliyotumika. Usimwachie mtu kidiski hicho akakae nacho.

Ukishakuwa na ISO zote, faili za kutazama ni kazi ya raha. Programu ya HandBrake ni ya bure. Ifungulie ISO, chagua kipande kirefu kuliko vyote, ndicho harusi yenyewe. Kwenye vichujio weka "Deinterlace", aina ya Yadif, na mpangilio wa "Bob": huo hugeuza zile nusu-picha 50 kuwa picha kamili 50 kwa sekunde, na chakacha inabaki na ulaini wake. Mipangilio mingine mingi hubakiza 25, na mwendo unakuwa wa kushtukashtuka. Video iwe ya mfumo wa H.264, RF (kipimo cha ubora) ianzie 18 hadi 20, nambari ndogo ikiwa na maana ya ubora zaidi. Umbo la picha liache programu ilisome lenyewe kutoka kwenye diski. Usiandike ukubwa kwa mkono, usichague 1080. Jaribu dakika mbili za sehemu yenye ngoma kabla ya kuiachia saa nzima usiku. VCD zisitiwe kichujio hicho. Hazina mistari ya kupokezana.

Kuhusu filamu za dukani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania inampa mtu nafasi ya kutoa nakala ya kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Filamu uliyoinunua, ukaiweka kwenye diski kuu (hard disk) yako uitazame na mama, iko upande huo. Kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp, kuiuza kwa flashi au kuionyesha kwenye kibanda cha video kwa kiingilio ni kumnyang'anya mwenye kazi, na kwa filamu za hapa nyumbani mwenye kazi ni mtu aliyelipa waigizaji kutoka mfukoni mwake. Sitakulegezea hapo. DVD nyingi za studio kubwa za nje, kwa upande mwingine, zina kufuli, na ImgBurn itakataa kuzisoma. Kufuli hiyo ilivunjwa tangu 1999, lakini kuvunjika hakukuifanya iwe ruhusa. Oman, kwa mfano, inakataza kuivunja katika sheria yake ya hakimiliki ya 2008, na dada yako anaishi chini ya sheria hiyo. Filamu hizo zinapatikana kwingine. Nguvu zako zipelekwe kwa zisizopatikana.

Jambo dogo la Muscat: diski za filamu hufungwa kwa nambari ya eneo la dunia zinakouzwa; za Ghuba ni eneo la 2, na za kwetu eneo la 5. Deki ya kompyuta huruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha inajifunga hapo. Dada akituma filamu ya kutoka kule na kompyuta ikauliza kubadilisha, fikiri kwanza. DVD za familia hazina mambo hayo ya maeneo.

Nakala za dada zipelekwe kwa diski kuu (hard disk) ndogo ya nje, akija likizo au kwa mtu anayesafiri. Ukimtumia video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida itabanwa tena na utarudi palepale kwa fundi. Ukituma kama hati haibanwi, lakini isizidi GB 2. Hizo DVD na VCD zote hazifiki GB 100, kwa hiyo tengeneza nakala mbili za ISO kwenye vifaa viwili, kimoja kwako na kimoja Muscat, ili mafuriko au mwizi wa nyumba moja asiondoke na kila kitu. Zipe faili majina yanayoanza na mwaka, kama 2007-harusi-diski1, na upige picha ya kasha na maandishi yake, maana jina la mpiga video na tarehe mara nyingi vimeandikwa hapo tu.

Kisha kaa na mama mtazame pamoja, wewe ukiwa na daftari. Andika dakika na majina: nani yule mwenye kilemba, nani aliyeimba kasida ya pili, mtoto yule ni wa nani. Maandishi hayo uyachape kwenye faili, uiweke kwenye folda moja na video. Programu zote nilizotaja haziwezi kukuambia bibi aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango alikuwa nani, na mama anaweza leo.

Diski zenyewe usizitupe hata baada ya kumaliza. Ziweke wima ndani ya makasha yake, gizani, mbali na dirisha, na zile zilizobaki na mapengo uziandike alama. Ukipata deki nyingine, hata baada ya miezi, ile faili ya ramani ya ddrescue itaendelea palepale.